Tope Tulilolitafuta

Mashine ilizimika mahali pabaya kuliko pote, pale fungu la mchanga linapokutana na maji makubwa. Breki alivuta kamba, akatukana, akavuta tena. Mashine ikakohoa kama mvuta sigara wa siku nyingi, ikanyamaza.

"Imemeza mchanga," alisema.

"Basi itapike," Wifi akamjibu. "Na iharakishe."

Nyuma yao wingu lilikuwa limeshuka hadi usawa wa bahari, jeusi tii, na chini yake maji yalikuwa yakichemka. Redio ilisema mvua itakuja jioni. Ilikuja mchana kweupe, bila kubisha hodi.

Walikuwa watatu ndani ya boti ya fiba. Breki ndiye nahodha, na jina hilo alipewa kwa sababu boti yake, kama alivyojisifu mwenyewe, ilikuwa na kila kitu isipokuwa breki. Daktari hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtafiti wa pwani, msomi wa tope, na mumewe alipenda kuwaambia wageni kwamba ameoa mwanamke aliyesoma miaka yote hiyo ili aje kuchafuka. Wifi alikuwa dada wa huyo mume, na pia mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waliokuwa wakirudisha mikoko ufukweni. Walitoka asubuhi kuchukua sampuli kabla ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo ambayo hupanda kupita kawaida. Wangekuwa wamesharudi. Daktari ndiye aliyetaka sampuli moja zaidi.

Wimbi liliwapata ubavuni. Boti iliinuka upande mmoja, taratibu kabisa, kama mtu anayegeuka kitandani, kisha ikawamwaga wote. Daktari alizama, akagonga mchanga kwa bega, akaibuka akiwa amekumbatia bomba lake la plastiki, lile la kuchukulia sampuli za tope. Hakujua kwa nini alilishika hilo badala ya mfuko wenye simu na maji ya kunywa. Mkono ulishika ulichozoea kushika.

Alisimama. Maji yalimfika kiunoni, yakashuka hadi magotini, yakapanda tena. Boti ilikuwa inaondoka na upepo, tumbo juu, na simu zao ndani yake.

"Wifi!"

"Niko hapa. Msaidie huyu, amevunjika."

Breki alikuwa amepiga magoti kwenye maji, mkono wa kushoto ameubana kifuani, uso umekuwa rangi ya jivu. Daktari alipapasa chini ya shingo yake. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umeinuka chini ya ngozi kama kijiti chini ya shuka.

"Unaweza kutembea?"

"Natembea kwa mabega mimi?"

"Vizuri. Mdomo haujavunjika."

Wifi alivua mtandio wake, akaufunga mkono wa Breki kifuani kwa fundo moja la haraka. Alipolikaza, Breki alimwita mama yake.

"Mama yako yuko nyumbani amekaa pakavu," Wifi akamwambia. "Haya, nchi iko wapi?"

Hakuna aliyeiona. Mvua ilikuwa imeshusha pazia pande zote, na upepo uliokuwa nyuma yao sasa ulizunguka zunguka kama mlevi. Daktari alijilazimisha kufikiri. Maji yalikuwa yamekupwa, ndiyo maana walisimama. Yangeanza kurudi wakati wowote, na yangerudi na bamvua na upepo pamoja. Fungu hili lote lingekuwa bahari. Jaketi za uokoaji walikuwa nazo, lakini jaketi halimchagulii mtu pa kuelea. Kwa upepo ule wangeifuata boti.

"Tutafute uzio," alisema. "Tukiupata uzio tumepata nchi."

Wakashikana, Wifi mbele kwa kuwa alikuwa na miguu mirefu, Breki katikati, Daktari nyuma na bomba lake begani. Walitembea juu ya mchanga mgumu wenye mikunjo, maji yakiwapiga visigino. Mvua iliingia machoni, puani, mdomoni. Walifungua midomo na kuimeza, kwa sababu hawakuwa na maji mengine. Mara mbili Wifi alisimama na kusikiliza. Mara ya tatu alinyoosha mkono.

Uzio ulitokea kwenye mvua kama ukuta wa boma. Safu mbili za nguzo, na katikati yake matita ya fito na matawi yaliyofungwa na kukandamizwa, ukuta mrefu uliotazama bahari na mikono miwili iliyokwenda hadi nchi kavu. Kikundi cha Wifi kiliujenga baada ya bahari kuingia majumbani kwa mara ya pili. Katikati ya ukuta huo palikuwa na mlango wa boti, na ndani ya mlango, Daktari aliona vijiti vyake.

Vijiti vyekundu. Alivisimika mwenyewe, mstari ulionyooka kutoka mlangoni hadi nchi kavu, ili kupima tope linapanda kiasi gani. Alivijua kama alivyojua meno ya wanawe. Alipoviona moyo ulitulia, na moyo ulipotulia, akili nayo ikaona ipumzike.

"Tupite hapa kati," alisema. "Vijiti vinakwenda moja kwa moja. Tukizunguka kwa nje maji yatatukuta njiani."

"Pita unapojua," alisema Wifi, na akawa wa kwanza kuingia mlangoni.

Hatua chache zilikuwa nzuri. Kisha mguu wa Wifi ulizama hadi gotini. Alicheka, akatupa mguu wa pili mbele ili ajinasue, na huo ukazama hadi pajani. Aligeuka kuwatazama. Hakuwa anacheka tena.

"Simama!" Daktari alimvuta Breki kwa mkanda wa jaketi. "Wote simameni! Wifi, usijitikise!"

Sasa ndipo akili ilipoamka. Uzio ule ulijengwa ili uyatulize mawimbi. Wimbi likitulia huangusha tope lililobebwa nalo. Tope likipanda, mikoko hupata pa kushika, na mikoko ikishika, nyumba zilizo nyuma hupona. Huo ndio ulikuwa mpango mzima, na mpango ulikuwa umefanikiwa. Mahali walipokuwa wakitembea wakati wa ujenzi, mchanga mtupu, sasa palikuwa na tope jipya, laini kama uji, lisilo na chini. Tangu lianze kujaa walivisoma vijiti kwa boti tu, maji yakiwa yamejaa. Hakuna aliyekuwa ameweka mguu humo. Na yeye, mtu aliyeandika kuhusu tope hilo kuliko mtu yeyote aliye hai, ndiye aliyewaongoza ndani yake.

"Wifi, lala nyuma. Lala kama unalala kitandani."

"Nilale kwenye tope?"

"Lala! Ukisimama unazama."

Wifi alijilaza. Tope lilikuwa limemfika kiunoni. Jaketi lilimshikilia mgongo, lakini miguu ilikuwa imeshikwa kama kwenye saruji. Daktari alishika mikono yake na kuvuta. Miguu yake mwenyewe ilianza kuzama. Akaacha, akatambaa kurudi nyuma kwa tumbo.

Mlangoni, maji yalikuwa yameanza kuingia. Ulimi mwembamba wenye povu, unaonusa njia.

"Breki. Toka nje ya uzio. Ushike kwa mkono mzima, uufuate mpaka nchi kavu, ukawaite wanawake waje na mbao. Usiuachie. Hata ukisikia nani anakuita, usiuachie."

"Na nyie je?"

"Sisi tuna mazungumzo ya kifamilia. Nenda!"

Akaenda, amejikunja upande, akigonga nguzo moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu watoto wake. Mvua ikamfunika.

Daktari alikwenda kwenye uzio. Alihitaji kitu cha kutandika, kitu kipana ambacho Wifi angelalia na yeye mwenyewe angepigia magoti. Kitu hicho kilikuwa mbele yake, kimekaa matita kwa matita. Alishika la juu akalivuta.

"Unafanya nini?" Wifi alipaza sauti.

"Natoa fito."

"Usivunje hapo! Hapo ndipo wimbi linapopiga! Ukifungua hapo bamvua inaingia yote."

"Najua."

"Nyumba yangu ndiyo ya kwanza nyuma yake! Nenda ukatoe kule mwisho!"

"Nikifika kule mwisho utakuwa umeshakunywa bahari."

"Daktari, nakukataza! Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Peleka malalamiko kwenye mkutano."

Alivuta tena. Tita halikusogea. Kamba zilikuwa zimefungwa mara mbili, zimekaza na maji ya chumvi, na fundo lilikuwa dogo na gumu kama kokwa. Alijaribu kwa kucha. Kucha moja ikang'oka nusu. Alijaribu kwa meno.

"Nani alifunga hizi kamba?"

"Mimi," alisema Wifi.

"Ulikuwa unafunga fito au unafunga mwizi?"

"Nilikuwa nafunga bahari!" Sauti yake ilikatika. Maji yalikuwa yamemfikia, yalimpita mabegani na kurudi. Aliinua kidevu. Alimtazama wifi yake pale juu ya uzio, damu ikimtiririka kidoleni, na kitu fulani kikabadilika usoni mwake. Alipozungumza tena alizungumza polepole, kama anayemfundisha mwanachama mpya.

"Usivute fundo. Kuna mkia mfupi umefichwa chini yake, upande wa bara. Uusukume ndani kwanza. Ndani, siyo nje. Ndiyo. Sasa vuta."

Fundo lilifunguka kama mdomo.

Tita la kwanza likaanguka, la pili, la tatu. Daktari aliyaburuta hadi alipo Wifi, akayapanga nyuma ya mgongo wake na ubavuni, akarudi kwa mengine. Kila alipotoa tita, wimbi lililofuata lilipita pale palipoachwa wazi, na kila lililopita lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. Alikuwa anaokoa na kuzamisha kwa mikono hiyo hiyo. Hakuangalia nyuma kwenye uzio. Angeangalia, angesita.

Alipanda juu ya fito kwa magoti. Zilizama kiasi, zikakaa. Akamshika Wifi kwapani na kuvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Wifi alipiga yowe.

"Goti! Unaling'oa goti!"

Akaacha. Maji sasa yalikuwa yamefika kifuani kwa Wifi hata akiwa amejilaza, na jaketi lilikuwa linaanza kumwinua. Mwili ulitaka kupanda, miguu ilikataa, na yeye alikuwa katikati, amevutwa kama nguo inayokamuliwa. Pumzi zake zikawa fupi.

"Wifi yangu," alimwambia Daktari, "ukifika, mwambie kaka yangu..."

"Mwambie mwenyewe."

"...asioe kabla nguo zako hazijakauka. Maana mimi nikifa na wewe utakufa, kwa ujinga wako huo wa kutoondoka."

Daktari alikuwa anatazama bomba lake, lililolala juu ya fito. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akisukuma mabomba kama lile kwenye tope na kuyang'oa, na wanafunzi wapya wote walifanya kosa moja: walivuta. Bomba halitoki kwa kuvutwa. Tope hulinyonya kutoka chini, na kadiri unavyovuta ndivyo linavyonyonya. Lazima ulipe tope kitu kingine cha kunyonya. Unatoboa pembeni, hewa au maji yanashuka hadi chini, bomba linajiachia lenyewe.

Mguu nao ni bomba tu.

"Wifi, usinipige teke."

"Nitakupigaje? Kwa miguu ipi?"

Daktari alisukuma bomba kwenye tope, kando ya paja la kulia, akilifuata kwa mkono kushuka gotini, kwenye muundi, mpaka lilipogusa kitu kigumu: kisigino. Akalitikisa, akalizungusha, akalichomoa. Tundu lililobaki lilimeza maji kwa mlio wa koo. Akatoboa tena mbele ya mguu. Tena upande wa ndani. Uso wake ulikuwa ndani ya maji, alitoboa bila kuona, akiinuka kuvuta pumzi na kurudi.

"Chezesha vidole."

"Sivisikii."

"Vichezeshe hata hivyo. Fikiria unachezea mchanga."

"Vinasogea... Wifi, vinasogea!"

"Sasa pandisha goti taratibu. Usivute. Taratibu, kama unaiba."

Mguu ulitoka na sauti kama ya busu kubwa. Kiatu kilibaki chini. Wifi aliutupa mguu juu ya fito, akaanza kulia, akajizuia, kwa sababu maji yalikuwa mdomoni.

Mguu wa pili ulikuwa umeingia zaidi. Wimbi lilipita juu ya vichwa vyao wote wawili. Lilipoondoka Wifi alikohoa, na mkono wake ulimng'ang'ania Daktari shingoni, kucha zikiingia kwenye nyama. Daktari alisukuma bomba. Liligonga goti, likateleza, likashuka. Wimbi jingine. Alilichomoa, akalisukuma tena. Fito zilianza kuelea chini ya magoti yake. Walikuwa na nafasi ya tundu moja zaidi, labda mawili, kabla jukwaa lote halijasambaa. Alitoboa upande wa nyuma, chini kabisa, akaegemea bomba kwa uzito wake wote mpaka likapinda.

"Sasa!"

Wifi alipiga yowe na mguu ukatoka. Goti lilikuwa limegeuka vibaya, lakini lilikuwa juu ya tope. Jaketi likamrusha juu kama kizibo, na maji yaleyale yaliyokuwa yanakuja kumuua yakawabeba wote wawili, pamoja na fito, hadi kwenye mkono wa uzio ulioelekea nchi kavu. Daktari alishika nguzo kwa mkono mmoja na ukosi wa jaketi la Wifi kwa mwingine.

Bomba hakulishika tena.

Walisogea nguzo kwa nguzo, kwa upande wa ndani, wakielea, wakikanyaga matita pale yalipokuwa na nafasi. Kushoto kwao bahari ilikuwa ikiingia kwenye pengo kwa mngurumo wa lori linalopanda mlima. Wifi alikuwa akiusikiliza mngurumo ule, na Daktari alijua alichokuwa akikisikiliza.

Walimkuta Breki njiani, ng'ambo ya pili ya uzio, wakavuka juu ya matita hadi alipo. Hakuwa amefika mbali. Alikuwa amekumbatia nguzo kwa mkono mzima, macho yamefumbwa, midomo ya buluu.

"Uliniambia nisiuachie," alisema bila kufumbua macho. "Sasa nikiuachia nisogee, si nitakuwa nimeuachia?"

"Kweli wewe huna breki, una kichwa kibovu tu," Wifi akamwambia, akampitisha mkono kiunoni. Mmoja hakuwa na bega, mmoja hakuwa na goti. Daktari akawashika wote wawili na kuwasukuma mbele, akiwatukana kwa zamu kila walipotaka kupumzika, kama anavyowaamsha wanawe asubuhi ya shule.

Kwenye miche ya mikoko walisikia sauti. Wanawake wa kikundi walikuwa wameiona boti ikipita na upepo tumbo juu, na walikuja kwa mstari, wamefungana kamba viunoni, mbao vichwani. Wa mbele aliwaona, akageuka kuwapigia wenzake kelele, kisha akatumbukia majini na nguo zake zote.

Waliwabeba. Breki alipakiwa kwenye pikipiki, akabanwa katikati ya watu wawili, kwenda hospitali. Wifi alikataa. Alikataa blanketi na alikataa kukaa.

"Nipelekeni nyumbani."

"Goti lako..." Daktari alianza.

"Nimesema nyumbani."

Mvua ilikuwa imepungua. Bahari ilikuwa imefika kabla yao. Ilikuwa imepita kwenye pengo, ikapita juu ya miche, ikavuka uchochoro na kuingia mlango wa nyuma wa Wifi. Jikoni maji yalifika chini kidogo ya goti, ya rangi ya chai ya maziwa. Sufuria moja ilielea ikizunguka. Mfuko wa unga ulikuwa umepasuka, na kando ya ukuta palikuwa na mstari mweupe. Nyumba za jirani, zilizokuwa nyuma ya sehemu nzima ya uzio, vizingiti vyake vilikuwa vikavu.

Wifi alisimama mlangoni kwa mguu mmoja, ameshika fremu. Aliangalia jiko lake kwa muda mrefu. Daktari alisimama nyuma yake. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na yote yalikuwa yameisha.

"Usisimame hapo kama mgeni," Wifi alisema. "Shika ndoo."

Akasaidiwa kupanda juu ya meza, goti limefungwa, na kutoka huko akatoa amri. Hii huku, ile kule, wewe toa magodoro, wewe acha kulia na uzibe mlango. Daktari alichota na kumwaga, akachota na kumwaga. Mgongo ulimuuma, kidole kilimwaka kwa chumvi. Wanawake wengine waliingia na kutoka. Baadaye walibaki wawili, maji yakiwa yameshuka hadi vifundoni.

"Kwenye kijiti cha kwanza," Wifi alisema ghafla, "mlipopima mara ya mwisho, tope lilikuwa na kina gani?"

"Viganja viwili."

"Na leo?"

Daktari aliweka ndoo chini. Alimtazama, kuanzia mguu usio na kiatu, pajani, hadi pale ambapo tope la kijivu lilikuwa limeacha mstari ulionyooka juu ya gauni.

"Kiunoni mwako."

Walitazamana. Miaka yote ile ya kuomba tope lije. Wifi ndiye aliyeanza, kicheko kidogo puani, kisha kikamshinda, akajishika mbavu, akalia na kucheka pamoja mpaka meza ikatikisika. Daktari aliegemea ukuta wenye unga na kucheka mpaka akakaa chini, majini.

"Andika basi," Wifi alisema, akijifuta macho. "Andika: kiunoni mwa wifi. Andika upesi kabla sijakonda."

"Kesho," alisema Daktari, akainuka, akainama tena na ndoo.